Gari la zamani kwenye gereji ya bodi: chuma kisifunikwe kabla hujakiona (uzi mrefu)

Mwekundu66 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mara nakuta mtu anauliza apeleke wapi gari lake la zamani "likapigwe rangi". Nimeona nianzishe uzi, kwa sababu kwa gari lenye miaka hamsini na ushee rangi ni hatua ya mwisho, na kwa fundi anayejua kazi ndiyo nyepesi. Kazi yenyewe ipo kwenye bati. Bati likishafunikwa, wewe mwenye gari huna tena namna ya kujua umeuziwa nini. Msimamo wangu ni huo mmoja: gereji ya bodi ichaguliwe, iandikiwe mkataba na ilipwe kwa kufuata chuma kilicho wazi.

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya 1966, nyekundu, msimbo wa rangi L456, ambao Volkswagen waliuita Ruby Red. Lilitengenezwa kwenye gereji inayoshughulika na magari ya zamani peke yake, na wakaniruhusu niende kutazama kila hatua. Mengi ninayoandika hapa nimeyaona yakifanyika mbele yangu.

Tuanze na muundo, maana bila kuuelewa utadanganywa hata na mtu asiyekusudia kukudanganya. Magari mengi ya leo bodi na chesisi ni kitu kimoja, bati lenyewe ndilo linalobeba uzito. Lancia Lambda ya 1922 ilikuwa ya mwanzo kwa mtindo huo, na Citroën Traction Avant ya 1934 ikaupeleka kwenye magari ya watu wengi. Beetle haiko hivyo. Chini kuna sakafu yenye mgongo mrefu katikati, na bodi imekaa juu yake, imefungwa kwa bolti kuzunguka ukingo wote. Ukifungua bolti hizo unainyanyua bodi nzima na kuiweka pembeni.

Sasa bolti za pembeni zinashika wapi? Zinashika kwenye mihimili miwili iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo ina uwazi ndani, na hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma hupita humo kwenda kupasha joto miguu ya dereva na kioo cha mbele. Kwa hiyo kitu kimoja kinafanya kazi tatu: kinapitisha hewa, kinashika bolti, na kinaizuia bodi isilegee katikati. Unyevu ukiingia humo hautoki. Kutu inaanzia ndani, inakula kuja nje, na siku utakapoona kitobo kidogo kwenye rangi, nusu ya mhimili ilishakwisha zamani.

Hapo ndipo gereji nzuri na mbaya zinapoachana. Mbaya inakata kiraka cha bati, inakibandika juu ya kile kibovu, inachomelea kingo, inapaka fila (uji mzito wa kusawazisha bati unaokauka ukawa mgumu), inapiga rangi. Kwa nje limependeza. Ndani kutu imeachwa hai, tena sasa imefungiwa kati ya mabati mawili ambako maji yanaingia na upepo haufiki. Gereji nzuri inakata mpaka ifike kwenye bati zima linalong'aa, halafu inaunga kingo kwa kingo, si bati juu ya bati.

Kwenye Beetle kuna sehemu nyingine za kumwomba fundi azifungue mbele yako. Chini ya siti ya nyuma upande wa kulia ndiko betri inakokaa, na asidi yake hula sakafu ile. Kisima cha tairi la akiba mbele. Sehemu za kuwekea jeki. Huko nyuma, pale bampa inaposhikiliwa, chini ya madigadi. Gari la aina nyingine lina sehemu zake, na fundi wa magari hayo anazitaja bila kufikiri. Ukimuuliza "gari hili huoza wapi kwanza?" naye akaanza kuzungukazunguka, shukuru umejua mapema.

Ukienda kuchagua gereji usipoteze muda na gari lililokamilika pale mlangoni. Omba uonyeshwe lililo katikati ya kazi, lenye aibu zake zote nje. Angalia kama uwazi wa milango umefungwa mabomba ya kuushikilia kabla mhimili haujakatwa. Bodi isiyoshikiliwa ikikatwa chini inajifunga au inajifungua kwa milimita chache tu, na hizo zinatosha mlango usifunge tena maisha yake yote.

Nawapa mfano mmoja niliousimamia hapo hapo. Mhimili mpya wa kulia ulikuwa umeshikwa kwa klampu tu, bodi imerudishwa juu ya sakafu na kukazwa. Fundi akaupachika mlango bila raba, akaufunga taratibu, akaanza kupitisha kipimo kwenye mwanya kati ya mlango na nguzo. Juu kilipita kwa kubana, chini kikapita kinacheza. Akalegeza klampu mbili, akaupandisha mhimili kwa kuugonga kwa kiganja, akakaza, akafungua mlango, akafunga, akapima tena. Akarudia hivyo alasiri nzima. Siku ile hakuchomelea hata nukta moja. Jirani yangu niliyekwenda naye akaona ni uvivu. Mimi niliona ndiyo kazi niliyokuwa naitafuta, kwa sababu mhimili ukishachomelewa mlango ukiwa haujakaa, kinachobaki ni kuuficha mwanya kwa fila.

Kuhusu makubaliano. Gereji ikikutajia gharama ya jumla gari likiwa bado na rangi yake, basi ama imejiwekea akiba kubwa juu yako, ama itafika mahali ifupishe kazi. Hakuna anayeona kutu ya ndani kwa kutazama nje. Utaratibu wa haki ni kuigawa kazi: kwanza kufungua gari na kuondoa rangi, ilipwe peke yake, halafu mkae mbele ya bati tupu mkubaliane kinachofuata. Baada ya hapo malipo yafuate hatua iliyokaguliwa, si tarehe.

Andikeni pia kuhusu picha. Sehemu ile ile ipigwe kabla ya kukatwa, baada ya kukatwa, baada ya kuchomelewa lakini kabla ya kusagwa, na baada ya praima, yaani rangi ya kwanza ya chini. Ile ya kabla ya kusagwa watu huisahau, na ndiyo inayoonyesha kama moto uliingia hadi nyuma ya bati au ulikaa juu juu. Vipande vilivyokatwa ni vyako, viwekwe mpaka kazi iishe, kwa sababu vina umbo na matundu ya asili ambayo fundi atahitaji kuyapima tena.

La mwisho kwa leo: namba ya chesisi. Kwenye Beetle imegongwa juu ya mgongo wa sakafu, chini ya siti ya nyuma. Nusu za sakafu, kushoto na kulia, hubadilishwa bila kuugusa mgongo. Fundi akikushauri mbadilishe sakafu nzima kwa ya gari jingine halafu "mtaigonga namba yenu", chukua gari lako uondoke.

Nawasilisha. Wenye uzoefu ongezeni nyama.

---

Kabureta

Mkuu umetema madini, naweka kambi hapa. Swali: hiyo hatua ya kuondoa rangi inafanywaje? Mimi nimeambiwa nipeleke gari lote likapigwe mchanga siku moja liishe.

---

FundiNyundo

Kabureta, usipeleke. Ngoja nieleze, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mchanga unaotoka kwa mgandamizo mkubwa ni maelfu ya nyundo ndogo zinazogonga upande mmoja wa bati. Bati la magari haya ni jembamba, mara nyingi kati ya milimita 0.8 na 1. Upande uliogongwa unatanuka, ule wa pili haujatanuka, kwa hiyo bati linatuna. Wengi wanadhani ni joto, lakini kinachopinda bati zaidi ni vile vipigo vyenyewe. Paa, boneti na milango, yaani sehemu pana zisizo na mikunjo, ndizo zinazoharibika. Nimeletewa boneti ambayo ukiibonyeza huku inaruka kule. Kuirudisha inabidi upashe nukta ndogo kwa moto, uigonge, ipoe, ijikusanye, halafu uende nukta nyingine. Ni kazi ya subira kuliko kutengeneza iliyooza.

Mimi sehemu pana naziondoa rangi kwa dawa ya kubabua na kikwangua, nikimalizia kwa mkono. Mchanga mwembamba wa mgandamizo mdogo nautumia kwenye sakafu, bawaba, mikunjo na vitu vizito. Kuna wanaotumia magadi badala ya mchanga. Hayo hayapindi bati, lakini pia hayaondoi kutu, na unga wake ukibaki kwenye maungio bila kuoshwa vizuri, rangi haitashika. Kuna kuzamisha bodi nzima kwenye dawa. Hiyo inafika ndani ya mihimili ambako mkono haufiki. Hatari yake ni tindikali kubaki kwenye mikunjo, ikatoka baadaye na kuinua rangi. Wakikuambia watazamisha, waulize wanaizimuaje na bodi inapakwa nini ndani baada ya hapo. Jibu liwe la moja kwa moja.

Bati likiwa tupu, lisilale tupu. Praima ya epoksi iende siku ile ile inapowezekana, na mtu asilishike kwa mikono mitupu, jasho linaacha alama zinazogeuka kutu.

Kuhusu kuchomelea: mwulize fundi anatumia nini na kwa nini. MIG, ile mashine inayojisukumia waya yenyewe, ni ya haraka, ila mshono wake ni mgumu, ukiugonga kuunyoosha unakataa au unapasuka. TIG, ambayo fundi huulisha waya kwa mkono, na moto wa gesi zinaacha mshono laini unaoweza kugongwa ukalala na bati lenzake. Kwenye sakafu MIG haina shida. Kwenye ubavu wa gari unaoonekana nataka mshono ninaoweza kuufanyia kazi. Na kwa njia yoyote ile hatuendi mstari mmoja mrefu. Nukta hapa, nukta kule mbali, subiri ipoe, rudi katikati. Anayechora mstari kwa mkupuo mmoja anapinda bati na atalifunika kwa fila.

Fila yenyewe si dhambi, niseme ukweli. Hakuna bati lililogongwa kwa mkono likawa sawa kama kioo. Ila baada ya kupigwa msasa ibaki tabaka jembamba, milimita 2 au 3 kwenda juu siendi, na iwe juu ya epoksi, kwa sababu fila inanyonya maji. Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani yakiwa na risasi iliyoyeyushwa kwenye maungio ya bodi. Mkiikuta, ikwanguliwe kwa tupa. Msiipige msasa wa mashine, vumbi la risasi ni sumu na linakaa mwilini.

---

DadaSpana

Nimesoma post ya FundiNyundo na moyo unaniuma. Nina saluni ya milango minne ya miaka ya sabini, bodi na chesisi ni kitu kimoja. Niliipeleka kwenye gereji iliyojiita bingwa wa magari ya zamani (sitaitaja). Ilirudi inameremeta, kila mtu anapiga picha. Msimu wa mvua ulipopita, vikaanza vipele chini ya milango, mstari mzima, kama ngozi yenye joto kali. Nikachukua sumaku ya friji nikaipitisha. Juu inanata. Ikifika kiganja kimoja kutoka chini, inaanguka.

Fundi mwingine alipofungua tulikuta povu la kujazia, wavu wa waya, na fila juu yake nene kama unga wa chapati uliokandwa. Mhimili haukuwepo kabisa. Gari lilikuwa linashikiliwa na milango yake. Nikipiga jeki ilikuwa inalia na mimi nadhani ni raba.

Walinipa picha nyingi tu, ila zote za gari likiwa na praima ya kijivu. Ya bati tupu hakuna hata moja. Ningependa wanaosoma hapa waelewe kwamba praima ya kijivu ni rangi kama rangi nyingine, inaficha vilevile.

---

Mwekundu66

Pole sana dada. Gari likifika hapo si suala la sura tena, ni usalama wa waliomo ndani. Bodi ya aina hiyo isiyo na mihimili ikigongwa ubavuni haina cha kuizuia isikunjike.

Umesema jambo la maana sana kuhusu praima. Kwa anayekagua gari lililokwisha kupakwa, sumaku ni mwanzo mzuri, ila kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi kwa mikroni. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma kati ya 80 na 150 hivi. Ikienda mara mbili au tatu ya hapo, limepakwa upya, jambo ambalo si kosa kwa gari la zamani. Ikipita 1,000, yaani milimita nzima, chini yake kuna fila. Pima paa kwanza upate kipimo cha kulinganishia, halafu shuka chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Kifaa hicho hakioni ndani ya mhimili, lakini hapo ndipo kamera nyembamba ya kupenyeza kwenye matundu inasaidia.

---

MzeeWaChesisi

Vijana mnaongea vizuri, lakini naona mmeruka swali la kwanza: je, gari lenyewe linahitaji kuvuliwa rangi yote?

Gari huwa la asili mara moja tu. Rangi ya kiwandani iliyofifia, yenye mikwaruzo ya matumizi, ikishababuliwa hairudi, hata ukiipaka msimbo ule ule. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa 1966, linahesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, na Hati yake ya Turin inaweka utunzaji wa kilichopo mbele ya ukarabati mkubwa. Wanaotafuta magari kwa umakini wameanza kuthamini lile lisiloguswa kuliko lile lililong'arishwa. Mnaambiana "fungueni mpaka bati tupu" kana kwamba ni sheria ya kila gari. Nimeona magari mazima kabisa yakivuliwa na kufanywa mapya, yakapoteza kila alama ya aliyeyatengeneza.

---

Mwekundu66

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na nimefurahi umelileta. Langu lilikuwa limepakwa juu ya lililopakwa, hapakuwa na rangi ya kiwandani ya kuokoa isipokuwa nyuma ya dashibodi. Kwa gari lililobaki na rangi yake, nisingegusa paa wala boneti.

Ila sikubali kwamba kulitunza kunaondoa haja ya kuona chuma. Rangi nzuri ya kiwandani inaweza kukaa juu ya mhimili uliooza, maana kutu hiyo inatoka ndani. Mtu asije akasema "nimeliacha la asili" kumbe ameliacha life.

---

FundiNyundo

Mzee ana hoja, na gereji yenye ujuzi inaweza kuwaridhisha wote wawili. Tunafungua kutoka chini na kutoka ndani. Mhimili unakatwa na kubadilishwa, joto linazuiwa kwa vitambaa vyenye maji visivyo mbali na mshono, na rangi mpya inaishia kwenye mkunjo au chini ya kipande cha urembo, juu ya hapo ni ya asili. Inachukua muda mrefu kuliko kuvua gari zima, na si kila fundi anataka kuifanya. Ukiwauliza gereji kuhusu kazi ya namna hii wakakujibu "tupige lote tu, ni rahisi", wamekuambia wanachokijali.

Vivyo hivyo kwenye vipande. Kuna magari unaweza kupata bodi nzima mpya, kwa mfano British Motor Heritage wa Uingereza hutengeneza bodi za MGB. Ni msaada mkubwa kwa gari lililokwisha kabisa. Lakini kama bodi ya asili inaokoleka, mimi nitaiokoa.

Na kipande kipya cha dukani kisichukuliwe kuwa kitakaa chenyewe. Vingi vimekandamizwa kwa mifano isiyo sahihi, tundu limehama, mkunjo umelala. Ndiyo maana Mwekundu aliona klampu zikilegezwa na kukazwa alasiri nzima.

---

Kabureta

Mimi langu ni Land Rover ya zamani, kila mtu ananiambia halina kutu kwa sababu bodi ni alumini. Ni kweli nimesalimika?

---

FundiNyundo

Bodi ni aloi ya alumini na magnesi, inaitwa Birmabright. Land Rover walianza nayo 1948, wakati chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini chesisi ni chuma, na vipo vipande vya chuma ndani ya bodi vinavyogusana na alumini. Metali mbili tofauti zikigusana na pakawa na maji yenye chumvi, moja inaliwa kwa ajili ya nyingine, na hapo inayoliwa ni alumini. Utaona unga mweupe na rangi imevimba kwenye maungio, hasa chini ya milango. Kwa hiyo hujasalimika kabisa, una ugonjwa wa aina nyingine. Na anza na chesisi, gonga kwa nyundo ndogo urefu wote, hasa nyuma. Sauti ikibadilika kutoka mlio hadi mgoto, weka alama.

Ukitafuta gereji, angalia kama wana vifaa vya alumini vilivyotengwa. Diski iliyosaga chuma ikigusa alumini inaacha chembe za chuma ndani yake, baadaye zinaila kutoka chini ya rangi. Pia alumini ikigongwa inakuwa ngumu mpaka inapasuka, inabidi ilainishwe kwa moto. Shida yake haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Mafundi wa zamani huipaka sabuni ya kipande, wanapitisha moto taratibu nyuma yake, sabuni ikigeuka kahawia iliyoiva wanaondoa moto mara moja. Mwulize fundi wako anajuaje joto limetosha. Nikisikia jibu la sabuni natulia.

---

Kabureta

Nimeelewa, kesho naanza na nyundo.

---

DadaSpana

Turudi kwenye rangi kidogo. Fundi wangu wa sasa ananipa chaguo mbili, seluloosi ya zamani au ile ya kuchanganya na dawa ya kukaushia. Na rangi yenyewe tunaipataje wakati nje imeshafifia?

---

Mwekundu66

Rangi usiilinganishe na ya nje hata siku moja, jua limeshaibadilisha. Tafuta msimbo wa kiwanda, halafu tafuta mahali ambapo jua halijafika: nyuma ya dashibodi, chini ya mazulia, chini ya raba ya kioo kikitolewa. Mimi walipaka bati dogo la majaribio tukalilinganisha na rangi ya nyuma ya dashibodi, nje mchana, kisha kivulini. Taa za gereji zinadanganya, hasa kwa nyekundu.

Seluloosi ilibadilisha kazi hii miaka ya 1920, kwa sababu kabla yake kulipaka gari vanishi kulichukua wiki nyingi za kusubiri likauke. Ina mng'ao laini unaoendana na magari ya enzi zake, na ni rahisi kurekebisha doa. Lakini ni laini, inataka kusuguliwa na kutunzwa. Ile ya kuchanganya ni ngumu na inadumu, ndiyo niliyochagua kwa gari ninaloliendesha.

Jambo moja naomba lisipite. Dawa ya kukaushia ya rangi hizo ina isosianeti, na ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini kwa wapulizia rangi. Kitambaa cha vumbi usoni hakisaidii. Mpulizaji anatakiwa avae kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba, ndani ya chumba chenye mvuto wa hewa. Mkikuta gereji inapuliza rangi hiyo uwanjani, watoto wanapita, kijana amejifunga leso puani, msiwape kazi. Mapafu ya yule kijana hayatengenezwi na mtu.

---

FundiNyundo

Naunga mkono kwa mikono miwili. Nina mwenzangu aliyeacha kazi akiwa bado kijana, akisikia tu harufu ya rangi anashindwa kupumua.

---

DadaSpana

Ahsanteni. La mwisho: gari likishapakwa, kuna kitu cha kukagua kabla sijalichukua? Safari hii sitaki kuondoka nikiangalia mng'ao.

---

FundiNyundo

Lala chini. Nta ya ndani ya mihimili iwe imepulizwa baada ya rangi kukauka, si kabla ya kuchomelea, maana moto unaiteketeza. Utaiona imechuruzika kidogo kwenye matundu ya chini, hiyo ni dalili njema. Ila matundu yenyewe ya kutolea maji yawe wazi, chukua waya upenyeze moja moja. Maungio ya sakafu yawe na silanti, ile gundi ya kuziba maji, isiwe imepakwa juu ya vumbi.

Halafu funga na kufungua kila mlango kwa kidole kimoja gari likiwa chini kwa magurudumu yake, sio juu ya jeki. Kisha wainue upande mmoja, ufungue na kufunga tena. Mlango ukianza kugusa nguzo gari likiwa limeinuliwa, usisaini.

---

Mwekundu66

Naongeza kwa wenye Beetle tu: raba inayokaa kati ya bodi na sakafu iwe mpya, ya zamani ikirudishwa maji yataingia kwenye kingo za mhimili mpya. Na bolti zake zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo, kwa sababu raba hiyo inajibana. Mwambie fundi aiandike kwenye karatasi ya kazi, pamoja na vizibo vya matundu ya kupulizia nta, ili ukirudi baadaye apulize tena bila kutoboa upya.

DadaSpana, ukifungua sakafu tuwekee picha za bati tupu hapa tuzipitie pamoja.